Wanaoipenda Shalimar ni watu wa namna gani?

Kazi yangu ni kuchanganya na kuuza manukato mjini Mombasa, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili: je, harufu anayoipenda mtu inaonyesha tabia yake? Majarida ya urembo yalikwisha kulijibu zamani. Mpenda maua ni mpole, mpenda ndimu na machungwa ni mchangamfu, na mpenda vanila na ambari ni mtu wa mahaba anayetaka kutazamwa kila aingiapo. Nakubali kwamba uchaguzi wa manukato unatueleza jambo kuhusu mtu, lakini jambo lenyewe silo hilo, na manukato yanayoidhihirisha tofauti hiyo vizuri zaidi ni Shalimar ya Guerlain, nyumba ya manukato ya Ufaransa, ambayo kwa takriban miaka 100 imebebeshwa sifa ya kuwa harufu ya wanawake wasio na haya.

Jacques Guerlain aliitoa mwaka 1925, mwaka wa maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris, ikiwa katika chupa yenye kizibo cha buluu iliyobuniwa na jamaa yake Raymond Guerlain. Jina limetokana na bustani za Shalimar za Bara Hindi, na watangazaji hupenda kulifungamanisha na mapenzi ya Shah Jahan, mfalme wa Kimughal wa Bara Hindi, na mkewe Mumtaz Mahal. Bustani mashuhuri za jina hilo ni mbili: ya Kashmir, iliyoanzishwa na Jahangir, na ya Lahore, ambayo mwanawe Shah Jahan aliianza mwaka 1641, yaani miaka 10 baada ya Mumtaz kufariki. Kalenda haijawahi kumzuia muuza manukato.

Kilichomo ndani ya chupa kina maana zaidi kwa hoja yangu. Juu kabisa kuna mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa hasa Calabria, kusini mwa Italia, nayo hukadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya fomula, kiasi kikubwa mno kwa manukato yanayosifika kwa utamu. Chini yake kuna airisi (mzizi wa ua wenye harufu ya poda), kumarini (yenye harufu kama ya nyasi kavu), vanila, na opoponaksi, ambayo ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na manemane unaoota Somalia na Ethiopia. Zamani iliongezwa pia zabadi, ile miski ya ngawa ambayo wazee wa mwambao waliifahamu vizuri. Kiungo kilichoipa Shalimar sura yake ya pekee ni ethilivanilini, kemikali ya maabara yenye nguvu takriban mara tatu ya vanilini ya kawaida, ile kemikali inayoipa vanila harufu yake. Husimuliwa kwamba Jacques Guerlain aliimimina kwa majaribio ndani ya Jicky, manukato ambayo ami yake Aimé aliyatunga mwaka 1889, na matokeo yakamvutia.

Viungo hivyo havinukii kwa wakati mmoja. Bergamoti huvukiza upesi, na katika dakika zake za mwanzo, ikikutana na utomvu na vanila nzito iliyo chini yake, hutoa ukali wenye moshi ambao wateja wangu wengi huufananisha na lami. Wapo wanaorudisha kijiti cha kunusia palepale na kuondoka. Baada ya nusu saa hivi ukali huo hutulia, na kinachobaki ni vanila isiyo ya keki, bali kavu, yenye vumbi la airisi na kivuli cha moshi, ambayo hukaa mwilini mchana kutwa na katika nguo hata siku kadhaa. Ningeweza kusema, kama wanavyosema wengi, kwamba Shalimar ni manukato ya wenye subira, lakini ukweli ni kwamba pua zetu nazo hazikuumbwa sawa. Binadamu ana aina takriban 400 za vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi, na vinasaba vinavyovitengeneza hutofautiana kati ya mtu na mtu, kiasi kwamba anayesikia lami na anayesikia vanila huenda kila mmoja anasema kweli kuhusu kilichomfikia.

Sasa niingie katika tabia. Husimuliwa kwamba Paris ya miaka ya 1920 ilikuwa na usemi kuwa mwanamke mwenye heshima hafanyi mambo matatu: havuti sigara, hachezi tango, wala hajipaki Shalimar. Sifa hiyo ndiyo iliyorithiwa na majarida. Walipokuja watafiti, picha ikageuka. Mwaka 1988 Joachim Mensing na Christa Beck walieleza kwamba wale wanaochangamka katikati ya watu walielekea kupenda harufu nyepesi na za ubichi, ilhali wanaojikunyata na kuishi zaidi na mawazo yao walielekea kupenda zile nzito za vanila, utomvu na viungo, yaani familia ya Shalimar yenyewe. Maelezo yao yalihusu kiasi cha msisimko ambacho mtu anakitafuta: mchangamfu anataka kitu cha kumwamsha, naye mtulivu anataka kitu cha kumfunika. Siyataji hapa kama sheria ya maumbile, kwa kuwa uhusiano wa namna hii kati ya tabia na harufu, hata pale unapoonekana, huwa dhaifu. Nayataja kwa sababu yanalingana na ninachokiona dukani zaidi kuliko yale ya magazetini. Wanaorudi kuchukua chupa ya pili ya Shalimar mara nyingi si wale wanaoniuliza watu watasema nini. Hunusa kifundo cha mkono, hunyamaza, na huuliza inadumu saa ngapi.

Msomaji anaweza kuniuliza: mbona basi maelezo ya magazeti humgusa kila anayeyasoma? Jibu lilitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, ambaye aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yaleyale yaliyokusanywa kutoka kitabu cha unajimu, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Walipoulizwa yanawafaa kwa kiasi gani, wastani wao ulikuwa 4.26 kati ya 5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1949. Ukimwambia mpenda vanila kwamba ana upendo mwingi ingawa wakati mwingine hujihifadhi, atakubali. Mwambie hayohayo mpenda ndimu, naye atakubali.

Kabla ya tabia kuna malezi, na kwa vanila jambo hili limepimwa kwa njia ya kuchekesha kidogo. Ujerumani kuna kipindi ambapo baadhi ya maziwa ya unga ya watoto yalitiwa vanilini. Mwaka 1999 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kuwaonjesha watu wazima tomato sosi za aina mbili, ya kawaida na iliyotiwa vanilini kidogo: waliolelewa kwa maziwa ya mama walielekea kuchagua ya kawaida, na waliolelewa kwa chupa wakaelekea kwenye ile ya vanilini. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu maziwa yale, na hakuna aliyeyakumbuka, lakini ulimi na pua vilikumbuka.

Tuichukue hoja hiyo tuilete mwambao. Mtoto aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja hulazwa katika chumba kilichofukizwa udi, hubebwa kifuani mwa mama aliyevaa kikuba cha asumini na mrihani, na Ijumaa hushikwa mkono na babu aliyejipaka halud, yaani mafuta ya udi. Utomvu, moshi, miski na utamu si vitu vigeni kwake. Biashara ya manukato ya Ulaya ilizoea kuiita familia ya Shalimar kuwa ya Mashariki, na ni juzi tu wengi wameanza kuiita ya ambari. Kwa aliyeko Paris, kuivaa kulikuwa kuondoka kwao, na kwa binti wa Mji wa Kale, kuivaa ni kubaki nyumbani. Harufu ni moja, mwendo wa nafsi ni tofauti kabisa. Hii ndiyo sababu naamini kwamba tabia haisomeki katika manukato yenyewe, bali katika umbali uliopo kati ya manukato hayo na harufu zilizomzunguka mtu tangu utotoni. Katika mwambao wetu, ukiniuliza ni nani jasiri, sitakuonyesha aliyejaa vanila na udi. Nitakuonyesha yule msichana anayekwenda arusini amejipaka maji mepesi ya limau na majani mabichi, huku shangazi zake wakimnusa na kuuliza kama amesahau kujipamba.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo watunga maelezo ya Ulaya hawakuwa nalo. Katika adabu ya Kiislamu ya mwambao, manukato mazito ya mwanamke ni ya ndani: ya chumbani, ya mumewe, ya wanawake wenzake katika shughuli zao. Uzito wa harufu kwetu haumaanishi kujitangaza, unamaanisha faragha. Ndiyo maana wateja wengi wa Shalimar ninaowahudumia huniambia wataivaa usiku, au siku ambayo hawana mahali pa kwenda. Wanaume nao wapo, na hawaoni ajabu yoyote. Aliyezoea kuona baba zake wakijipaka waridi na udi hapati shida na chupa iliyoandikiwa wanawake.

Baada ya malezi kuna mwili, na hapa utafiti una nguvu zaidi kuliko ule wa tabia. Mwaka 2001 watafiti Manfred Milinski na Claus Wedekind walionyesha kwamba harufu ambazo watu wangependa kunukia wao wenyewe zilihusiana na vinasaba vyao vya kinga ya mwili, na uhusiano huo ulikuwa hafifu zaidi walipoulizwa juu ya harufu ambayo wangependa mwenzi wao anukie. Mwaka 2012 watafiti wa Prague nao waligundua kwamba jasho la mtu likichanganyika na manukato aliyoyachagua mwenyewe lilipendeza zaidi kwa wanusaji kuliko likichanganyika na manukato aliyopangiwa, ingawa manukato yenyewe, bila mwili, hayakuzidiana kwa uzuri. Inaelekea basi kwamba mtu anaposema Shalimar inamkaa, huenda anaripoti jambo la ngozi yake kabla ya kuripoti jambo la moyo wake. Ndiyo sababu napinga desturi ya kumnunulia mtu manukato kwa kukisia tabia yake, hata kama mkisiaji ni mume wa miaka mingi.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kama Shalimar ni ya watu wa aina yake, simuulizi kama ni mkimya au mcheshi. Namuuliza kwao walifukiza nini, na ni harufu gani huivaa asipotarajia mgeni. Kisha nampulizia kidogo mkononi na kumwomba aondoke, kwa sababu uamuzi wa dukani huwa ni uamuzi juu ya bergamoti tu, na joto la Mombasa huiondoa hiyo mapema zaidi kuliko baridi ya Paris. Akirudi kesho yake akiwa na hamu ileile, namshauri aanze na chupa ndogo. Anayeitaka kwa ajili ya sifa ya jina au uzuri wa kizibo namwambia wazi kwamba chupa ikikaa juu ya meza ya vipodozi karibu na dirisha, ile bergamoti ndiyo itakayotangulia kuharibika, na atabaki na vanila iliyochacha juu yake kabla hata hajafika nusu ya chupa.