Kiwewe, na kazi ya tabibu wa karibu

Katika usemi wa kila siku, kiwewe ni ile hali ya kuchanganyikiwa ghafla kwa hofu. Katika tiba neno hilo hubeba zaidi: ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio lililotishia uhai, kama vita, ubakaji, kipigo cha nyumbani au boti kuzama ziwani. Daktari wa familia ni yule anayeonwa kwanza na kurudiwa kwa miaka. Mkoani Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996 na wa Burundi kwa wingi kuanzia 2015, kazi hiyo kwa sehemu kubwa huwa ya tabibu wa zahanati.

Mgonjwa haji akisema ana kiwewe. Husema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, tumbo halitulii na usingizi umemhama. Hupimwa malaria, hana. Baada ya wiki mbili amerudi na maumivu yaleyale. Tabibu anayemfahamu ndiye anayeweza kuona kwamba mama huyu hushtuka mlango unapobamizwa, au kwamba hukwepa njia fulani ya kwenda sokoni. Hapo humuuliza kwa upole kama kuna jambo zito lililompata, bila kumlazimisha kulisimulia, kwa sababu kumchimba mtu habari asizokuwa tayari kuzitoa humwongezea maumivu. Humwomba ruhusa kabla ya kumgusa. Ikiwa lugha yake ni Kirundi na mkalimani anahitajika, kamwe asiwe mtoto wake wala jirani. Nalisisitiza hili, kwani siri ikivuja mgonjwa harudi tena.

Aliyebakwa asicheleweshwe: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kukosa fomu ya polisi namba 3 (PF3, ile ambayo polisi humpa aliyejeruhiwa aende nayo hospitali) kusiwe sababu ya kumnyima huduma ya dharura.

Wengi hupata nafuu katika wiki za mwanzo wakiwa na usalama na watu wao. Diazepamu, ambayo huombwa sana kwa ajili ya usingizi, haishauriwi kama tiba ya kiwewe. Dalili zikipita mwezi mmoja, au mtu akitaja kujiua wakati wowote, tabibu humpa rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili, naye huendelea kumpangia tarehe ya kurudi kwake.