Kupima kiinitete si kutengeneza mtoto

Juzi barazani hapa Lindi mjini nimemsikia tena mtu mzima akisema siku hizi wenye fedha "wanatengeneza mtoto wanayemtaka" kwa kupima vinasaba. Kauli hii nimeisikia mno, ila safari hii alikuwapo mama mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kainamisha kichwa.

Dhana yenyewe ni fupi. Yai na mbegu ya kiume hukutanishwa maabara, zikawa kiinitete, yaani mimba changa kabisa. Siku ya tano au ya sita, mtaalamu huchukua seli chache za tabaka la nje la kiinitete, lile litakalokuja kuwa kondo la nyuma, zikapimwa. Kiinitete kisichoonyesha ugonjwa unaotafutwa ndicho kinachopandikizwa kwa mama. Watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa London mwaka 1990.

Sasa kitenzi chenyewe, "kutengeneza". Mkulima wa korosho huku kwetu hutia mbegu majini kabla ya kupanda: iliyozama huipanda, iliyoelea huiacha. Maji hayajaongeza kitu ndani ya korosho. Kupima ndiko huko. Baba na mama wakiwa wote wamebeba jeni ya selimundu bila wenyewe kuugua, kila kiinitete chao kina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa na ugonjwa. Kipimo hakimwondolei yeyote ugonjwa. Kikionyesha vyote vinao, hakuna cha kurekebishwa pale.

Neno lenyewe linasema. Vinasaba limetoka kwenye nasaba, ukoo, neno tulilolipata kwa Waarabu. Nasaba hurithiwa, haitungwi. Kiinitete kilichopimwa hakina ila kile kilichotoka kwa wazazi wake, sawasawa na mtoto yeyote aliyezaliwa Mikindani au Nachingwea.

Kubadili vinasaba ni jambo jingine kabisa, na jina lake ni kuhariri jeni. Mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza mwaka 2018 kwamba amefanya hivyo kwa viinitete vilivyozaa watoto, dunia ikamlaani, na mahakama ya kwao ikamfunga miaka 3.

Kwa hiyo, mzee wangu, sema "wamechagua". Kuchagua nako kuna uzito wake, maana kuna viinitete vinavyoachwa, na ukitaka kulipinga hilo nitakusikiliza mpaka adhana ya alasiri. "Wametengeneza" ndilo ninalokuomba uliache, hasa mama yule akiwa amekaa nasi.