Je, wajua kwa nini njia za juu za Gran Paradiso ni pana na laini?

Valnontey ni kijiji kidogo cha kaskazini-magharibi mwa Italia, chini ya mlima Gran Paradiso katika Bonde la Aosta, si mbali na mpaka wa Ufaransa. Kutoka hapo, njia ya miguu inapanda kama mita 900 hadi kibanda cha wapanda mlima kiitwacho Rifugio Vittorio Sella. Anayeanza safari hiyo kwa mara ya kwanza hutarajia mawe ya kuruka, mizizi ya kushikilia na mwinuko wa kukata pumzi. Mwinuko upo, lakini njia yenyewe haifanani na njia nyingine za milimani. Ni pana, sehemu nyingi imetandikwa mawe bapa, na kila inapokabiliana na ubavu mkali wa mlima hukata kona na kurudi upande ilikotoka, ikipanda kidogo kidogo. Miti inaisha, nyasi zinakuwa fupi, na njia bado inaendelea kwa utaratibu uleule. Huku juu hakuna mji wala soko. Nani basi aligharimia barabara hii?

Aliigharimia mfalme, kwa sababu alitaka kufika mawindoni akiwa juu ya farasi.

Mfalme huyo ni Vittorio Emanuele II, aliyetawala Sardinia tangu 1849 kisha akawa mfalme wa kwanza wa Italia iliyoungana mwaka 1861. Mnyama aliyemtamani ni mbuzi mwitu wa Alpi, ambaye Waitaliano humwita stambecco. Dume lake hufikisha kilo 90 hata 100, na pembe zake zenye mafundo zinaweza kukaribia urefu wa mita moja. Mwaka 1856 mfalme aliyageuza mabonde yanayouzunguka mlima Gran Paradiso kuwa eneo la uwindaji la kifalme. Wenyeji walimwachia haki ya kuwinda, na wengi wao wakapata kazi: kulinda wanyama, kujenga nyumba za mapumziko, na juu ya yote kuchonga njia.

Hapo ndipo penye ufundi unaostahili kutazamwa kwa makini. Mchungaji wa Alpi anapopeleka ng'ombe malishoni hupanda karibu moja kwa moja, kwa kuwa anaifahamu ardhi na anataka kufika mapema. Farasi aliyebeba mtu hawezi kufuata njia hiyo. Ngazi ndefu za mawe humshinda, kokoto zinazoteleza humwogopesha, na kuteremka mahali pakali humuumiza magoti. Wajenzi walilazimika kuchagua mwinuko mdogo usiobadilika-badilika, halafu kuurefusha mwendo. Tuchukue mfano: ukipanda mita 1 kwa kila mita 7 za kwenda mbele, mita zile 900 za Valnontey zitakugharimu zaidi ya kilomita 6. Njia ndefu kiasi hicho haiwezi kutoshea kwenye ubavu mmoja wa mlima isipokuwa ikunjwe, na ndiyo maana kuna kona nyingi hivyo.

Upande wa bonde walijenga kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji ili zishikilie udongo. Palipo na maporomoko ya mawe makubwa walijaza mianya kwa mawe madogo, wakaweka bapa juu yake, hata kwato ipate mahali pa kukanyaga. Njia za namna hii zinaitwa kwa Kiitaliano mulattiera, yaani njia ya nyumbu wa kubeba mizigo, kwani nyumbu nao walizitumia.

Mwinuko mdogo una faida nyingine ambayo haihusiani na farasi, nayo ndiyo iliyozifanya njia hizi zidumu. Adui mkubwa wa njia ya mlimani ni maji. Kwenye njia inayoshuka wima, maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka hupata kasi, hubeba udongo, na baada ya misimu michache njia inageuka korongo. Kwenye njia inayokata ubavu wa mlima kwa upole, maji huvuka upande mmoja hadi wa pili na kwenda zake kabla hayajapata nguvu. Kwa hiyo anayekata kona ili afike haraka hufanya uharibifu mkubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu mstari aliouchora kwa viatu vyake ndio maji yatakaoufuata mvua ijayo.

Mahali ambapo kazi hii inaonekana kwa ukubwa wake wote ni Col Lauson, kivuko cha kutoka upande wa Cogne, iliko Valnontey, kwenda bonde la Valsavarenche. Kiko mita 3,296 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko pwani. Hata huko mfalme alipelekewa njia. Siku hizi kivuko hicho kimo katika Alta Via 2, mojawapo ya njia ndefu za miguu za Bonde la Aosta, na msafiri hukipita bila kukanyaga mto wa barafu.

Na mfalme akishafika? Watu wengi walitangulia, wakawaswaga wanyama kutoka mabonde ya pembeni hadi mahali alipojificha nyuma ya ukuta mfupi wa mawe uliojengwa nusu duara. Mbuzi mwitu akitishwa hukimbilia juu, wala hashuki bondeni, basi waliojua njia zake walijua pia pa kumweka mfalme. Kuta hizo zingali zinaonekana kando ya njia, na mtu asiyejua historia huzidhania mazizi yaliyobomoka. Idadi ya waliouawa inaweza kukisiwa katika kasri la Sarre lililoko bondeni, ambako kumbi zimepambwa kwa pembe kwa maelfu.

Ni jambo gumu kulikubali, lakini bila uwindaji huo huenda mnyama huyu asingekuwepo leo. Kabla ya Vittorio Emanuele II alikwisha kutoweka karibu Alpi yote. Watu walimwinda kwa nyama na pembe, na pia kwa dawa: hata kipande kidogo cha mfupa kinachopatikana katika moyo wake kilivaliwa kama hirizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 walibaki kama mia moja tu, wote katika eneo la Gran Paradiso. Mwaka 1821 amri ya kifalme ilipiga marufuku kuwaua, ila amri bila walinzi haikufika mbali. Eneo la mfalme lilileta walinzi, baadhi yao wakiwa majangili wa zamani waliozijua siri zote za kazi. Tena mfalme alilenga hasa madume, na kwa kuwa dume mmoja anatosha majike kadhaa, kundi likaendelea kuzaliana.

Mjukuu wake, Vittorio Emanuele III, ndiye aliyeliachia taifa eneo hilo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tarehe 3 Desemba 1922 Gran Paradiso ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Italia. Vita Kuu ya Pili nusura ivunje kila kitu. Ilipomalizika walihesabiwa wanyama takriban 400, na aliyeshughulika kuwanusuru alikuwa daktari wa mifugo, Renzo Videsott, aliyepewa uongozi wa hifadhi. Huko nyuma, Waswisi walikuwa wamewahi kuomba kuuziwa mbuzi hao, mfalme wa Italia akakataa. Mwaka 1906 watoto wachache wa mbuzi wakavushwa mpaka kwa magendo hadi St. Gallen, na mwaka 1911 wazao wa kwanza wakaachiwa milimani Uswisi. Mbuzi mwitu wote wa Alpi leo, kama 50,000 hivi, wametokana na kundi lile dogo lililosalia hapa. Jambo hilo lina gharama yake pia: damu yao inafanana mno, na hiyo ni hatari ugonjwa mpya ukizuka.

Vittorio Sella, ambaye jina lake liko kwenye kibanda tulichoanza nacho, alikuwa mpiga picha wa milima. Mwaka 1906 alifika Rwenzori, katika mpaka wa Uganda na Kongo, akiwa na Luigi Amedeo, mjukuu mwingine wa mfalme yule mwindaji. Hao ndio waliokipa kilele cha juu kabisa cha Rwenzori jina la Margherita, aliyekuwa malkia wa Italia.

Anayepanga kwenda azoee kwanza vibao vya njia, ambavyo huandika saa badala ya kilomita. Ni busara, maana kilomita mbili za kupanda hazilingani hata kidogo na kilomita mbili za tambarare. Mbwa hawaruhusiwi isipokuwa kwenye njia chache zilizotajwa, tena wakiwa wamefungwa kamba. Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu, kwa kuwa mito ya barafu ya kale iliyachimba mabonde haya yakawa na sakafu pana na kuta za wima. Unapanda ukuta huo ndani ya msitu wa lariki, miti ya jamii ya msonobari inayopukutisha majani yake, kisha ghafla panafunguka uwanda wa malisho. Kibanda kiko hapo. Zamani kilikuwa nyumba ya walinzi na wawindaji wa mfalme, na jioni madume ya mbuzi mwitu hushuka kula nyasi karibu nacho, mara nyingine wakilala katikati ya njia ya farasi hadi watu wapite pembeni.