Chikungunya: neno la Kimakonde linalotajwa dunia nzima

Neno chikungunya, jina la homa inayoenezwa na mbu, limetoka kwetu, Uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanzania. Kwa Kimakonde ni kile kinachokunja. Wazee waliolitamka walikuwa wanaeleza walichokiona: mtu mzima ameinama, mikono magotini, viungo vinamuuma hata kusimama wima hawezi. Mlipuko wa homa hiyo ulianza mwaka 1952 ukaendelea hadi 1953, na mwaka 1955 madaktari Marion Robinson na Lumsden wakauandika kitaalamu. Jina likabaki lile lile la wanakijiji. Leo Mbrazili na Mhindi wanaugua kwa neno letu.

Sasa, tumezoea kusema mbu ndiye anayeleta ugonjwa. Mbu ni mbebaji tu. Kinachowaugusha watu ni kirusi, na kirusi hicho kina safari yake. Mbu jike akimnyonya mgonjwa, kirusi huingia tumboni mwake pamoja na damu. Hapo lazima kipenye ukuta wa utumbo, kizaliane, kisambae mwilini hadi kwenye tezi za mate. Huchukua siku kadhaa, pengine kumi. Baada ya hapo, kila akiuma mtu anatema mate yenye virusi chini ya ngozi, na siku tatu hadi saba baadaye homa inapanda ghafla.

Naisisitiza safari hii kwa sababu watu huuliza sana: mbona basi mbu haambukizi ukimwi? Jibu liko humo humo. Virusi vya ukimwi havina uwezo wa kuishi na kuzaliana ndani ya mbu. Vinameng'enywa pamoja na damu aliyokula. Mbu hafanani na sindano iliyotumika. Kila kimelea kina mnyama au mdudu anayekifaa. Homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 haikuhitaji mbu hata mmoja: bakteria wake hutoka na mkojo wa wanyama, panya hasa, na kuingia mwilini kupitia mchubuko au maji machafu. Na neno mgunda maana yake ni shamba.

Kwa nini Newala? Maji. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama, na chemchemi ziko chini kabisa mabondeni. Mtu akishuka na kupanda mteremko ule na ndoo kichwani hawezi kumwaga hata tone, anayaweka ndani, mtungini, siku nyingi. Na mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anapenda maji ya namna hiyo hiyo: masafi, yaliyotulia, karibu na watu.

Mbu huyu huuma mchana, asubuhi na jioni zaidi. Chandarua cha usiku kinatukinga na malaria, lakini kwa Aedes hakitoshi. Mtoto anayelala mchana naye afunikwe. Dawa ya kuua kirusi hakuna. Mgonjwa hupewa parasetamoli, anywe maji mengi, apumzike. Aspirini asimeze mpaka ihakikishwe kwamba si dengue, homa nyingine inayoenezwa na Aedes, maana dengue inaweza kumtoa damu. Wengi hupona, ila viungo vinaweza kuuma miezi. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikionyesha huna, na magoti yanakuuma hivi, mwambie mganga wa zahanati hayo ya magoti pia.

Halafu lipo hili la mapipa, ambalo wengi tunalikosea. Tunamwaga maji yenye viluwiluwi, tunasuuza, tunajaza mengine. Lakini Aedes hatagi katikati ya maji. Mayai yake anayabandika ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanastahimili ukavu kwa miezi. Ukimulika tochi ndani ya pipa utaona vidoa vyeusi kama masizi. Kusuuza hakuviondoi. Chukua brashi au dodoki, sugua ukuta wote wa ndani, suuza, kisha funika kwa kitambaa kilichofungwa kamba ukingoni, kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi tu.