Vidonge vya kuongeza damu: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Vidonge vingi vya madini ya chuma huishia kabatini. Mama mjamzito anapewa kliniki, anameza siku tatu, kisha anasikia neno na kuviweka kando.

"Vinamkuza mtoto kupita kiasi, utashindwa kujifungua." Huu ndio uvumi unaoniuma zaidi, maana unamtisha mama kwa kitu kinachomlinda. Chuma si mafuta wala sukari, hakinenepeshi. Mwili hukitumia kutengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mimba nzima inahitaji takriban miligramu 1,000 za chuma, na karibu theluthi yake huenda kwa mtoto na kondo la nyuma. Kikipungua sana, hatari huwa ni ile iliyo kinyume kabisa: mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Tena, akiba ya chuma atakayoitegemea miezi yake ya mwanzo huijaza akiwa bado tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho, kwa kuwa maziwa ya mama yana chuma kidogo.

"Damu ikizidi, presha itapanda na nitatokwa na nyingi siku ya kujifungua." Hapana. Anayeingia leba akiwa na upungufu wa damu ndiye anayezidiwa upesi akitokwa na damu. Na presha kupanda si damu kuwa nyingi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

"Choo kimekuwa cheusi, dawa inaniunguza." Weusi huo ni chuma ambacho mwili haukukifyonza, hauna madhara. Ila kikiwa kama lami, kinanata na kunuka vikali, nenda kituo cha afya. Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya kula au wakati wa kulala. Choo kigumu kinataka maji, mboga na matunda. Ukishindwa kabisa, usiache kimyakimya: mwambie mkunga, dozi hubadilishwa.

"Mimi mzima, sivihitaji." Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na foliki asidi (aina ya vitamini B), hata kwa mjamzito asiye na upungufu wa damu. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, asikilize ushauri wa daktari wake kwanza.

"Juisi nyekundu inatosha kuongeza damu." Rangi si chuma. Na usishushie kidonge kwa chai wala kahawa, vinazuia chuma kufyonzwa, tumia maji.

Vifungie mbali na watoto wadogo. Kwao vidonge vichache tu ni sumu inayoweza kuua.