Kumasta upya hakuifufui besi iliyozikwa

Mashabiki wengi wa muziki wa metali huamini kwamba albamu ikimastiwa upya, yaani rekodi iliyokwisha kuchanganywa ikisawazishwa sauti tena kwa ajili ya toleo jipya, kila kasoro ya sauti itarekebishika. Si kweli. Chukua “...And Justice for All” ya Metallica, iliyotoka 1988. Gitaa la besi la Jason Newsted karibu halisikiki humo, na inauma, kwani ndiyo albamu yake ya kwanza kamili na bendi hiyo baada ya kifo cha mpiga besi aliyemtangulia, Cliff Burton, mwaka 1986. Toleo lililomastiwa upya lilitoka 2018. Besi ikabaki palepale.

Studioni kila ala hurekodiwa kwenye njia yake. Kisha njia zote huchanganywa zikawa mbili tu, ya kushoto na ya kulia, na kwa kawaida hizo mbili ndizo anazopokea fundi wa kumasta. Akipandisha sauti za chini, besi haipandi peke yake: ngoma ya mguu inapanda nayo, na mngurumo wa gitaa la James Hetfield, uliojaa eneo hilohilo, unapanda pia. Unachopata ni mvumo mzito.

Anachoweza fundi huyo kufanya vizuri ni kupunguza ukali, kusawazisha nyimbo, na kuacha ngoma zipumue pale ambapo toleo la awali lilibanwa mno ili lisikike kwa kishindo.

Anayeitaka besi ya Newsted anahitaji kazi nyingine kabisa: kurudi kwenye tepu za awali na kuchanganya upya.