Mrabaha uliomo ndani ya simu yako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Shika simu yako, iwe ya tochi au ya kuperuzi, bonyeza *#06#. Kabla hujagusa kitufe cha kupiga, inatokea namba ya tarakimu 15. Hiyo ni IMEI, kitambulisho cha simu. Iwe imebuniwa Finland, Korea Kusini au Shenzhen, itakujibu vilevile, kwa kuwa msimbo huo umeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Viwango hivi vinatuendeshea maisha, na ndiyo maana inaniuma kusikia yanayosemwa juu yake, hata na watu wanaouza simu kila siku.

"Kiwango ni alama ya ubora"

Kwetu neno kiwango linampeleka mtu moja kwa moja TBS au KEBS, kwenye ile alama iliyopigwa kwenye mfuko wa saruji. Hicho ni kiwango cha ubora. Kiwango cha mawasiliano ni makubaliano ya lugha: simu na mnara visemezane vipi, kwa masafa yapi, na kwa nini SMS moja ikomee herufi 160. Kabla ya GSM, kiwango cha simu kilichoanzia Ulaya, nchi nyingi za huko zilikuwa na mitambo isiyoelewana, ukivuka mpaka simu inakuwa pambo. Kazi ya kuiandika GSM ilianza mwaka 1982. Tarehe 7 Septemba 1987 wawakilishi wa nchi 13 walitia saini makubaliano Copenhagen, na tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza kwenye mtandao huo ilipigwa Finland. Aliyewahi kumiliki simu ya CDMA, kiwango kingine kisichoelewana na GSM, huku kwetu atanielewa haraka. Nyingi hazikuwa na laini ya kuchomoa ukaitia kwenye simu nyingine. Ukihama mtandao, unaiacha simu kabatini.

"Kiwango kiko wazi, kwa hiyo ni bure"

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo vijana wanaotaka kuunda vifaa vyao wenyewe. Viwango vya 3G, 4G na 5G huandikwa chini ya 3GPP, ushirikiano ulioanzishwa Desemba 1998, na nyaraka zake zipo kwenye intaneti kwa yeyote. Ukiwa Mbeya usiku huu unaweza kuzishusha zote bila kulipa senti ya leseni. Kusoma ni bure. Kutengeneza na kuuza kifaa kinachofuata maandishi hayo ni jambo jingine, maana ndani yake mna uvumbuzi wa watu wenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiutumie bila ruhusa. Fikiria barabara ya umma iliyopita kwenye mashamba ya watu: kupita utapita, lakini wenye mashamba wana fidia yao.

Hataza ambayo huwezi kufuata kiwango bila kuitumia huitwa hataza muhimu kwa kiwango. Ili mwenye nayo asije akaishika dunia koo, taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, huwataka wanachama wataje mapema hataza zao na kuahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, yenye kiasi na yasiyobagua. Ndiyo ahadi inayojulikana kama FRAND. Tazama vizuri maneno yake: hakuna palipoandikwa bure, wala rahisi.

Bei za leseni hizo, yaani mrabaha, baadhi zilitangazwa hadharani. Mwaka 2017 Ericsson ilitaja dola 5 kwa kila simu ya 5G ya hali ya juu, ikishuka hadi dola 2.50 kwa simu za bei ya chini. Nokia mwaka 2018 ikasema haitazidi euro 3 kwa simu. Huawei mwaka 2021 ikaweka ukomo wa dola 2.50. Qualcomm, kampuni ya chipu ya Marekani, yenyewe huhesabu kwa asilimia ya bei ya simu. Hizo ni bei za kwenye tangazo. Kinacholipwa baada ya mazungumzo huwa siri ya wenye mkataba, na kwa maoni yangu siri hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mfumo mzima. Tena kiasi kisichobadilika kinamwelemea zaidi mnunuzi wa chini: euro 3 kwenye simu ya euro 1,000 huzioni, kwenye simu ya euro 80 zinaonekana.

"ETSI ndiyo inayohakiki hataza na kupanga bei"

Haihakiki, wala haipangi. Kampuni yenyewe ndiyo inayotamka kwamba hataza yake ni muhimu. Kwa hiyo ukisoma habari kwamba kampuni fulani inaongoza 5G kwa kuwa imetangaza maelfu ya hataza, jua umesoma madai ya kampuni kuhusu kampuni.

Wakishindwana, huenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2015, katika shauri la Huawei na ZTE, kampuni mbili za China, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliweka hatua ambazo mwenye hataza na mtumiaji wanapaswa kuzifuata kabla ya kuombwa amri ya kuzuia mauzo. Tarehe 26 Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Unwired Planet, kampuni inayomiliki hataza, dhidi ya Huawei, ilikubali kwamba mahakama za huko zinaweza kupanga masharti ya leseni ya dunia nzima. Yaani bei inayogusa hadi soko letu inaweza kuamuliwa London, na sisi hatumo kwenye shauri.

"Hataza ikisajiliwa Marekani inatubana kote"

Hapana. Hataza ina mipaka ya nchi, na kwa kawaida hudumu miaka 20. Kusajili hataza, Tanzania Bara hupitia wakala wa BRELA, Kenya taasisi ya KIPI, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008. Ipo pia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika lililoko Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa. Kwa hiyo hataza nyingi za simu hazina nguvu ya kisheria hapa.

Lakini usishangilie mapema. Simu zetu nyingi zinatoka China, na pale mtengenezaji anapokuwa na leseni ya dunia nzima, mrabaha huwa umeshaingia kwenye bei kabla kontena halijafika Dar es Salaam au Mombasa. Na mwaka 2024 Qualcomm iliifungulia kesi ya hataza huko India kampuni ya Transsion, ile inayotutengenezea Tecno, Infinix na itel.

"Simu feki ni ile isiyolipiwa hataza"

Hayo ni mambo mawili. Simu zilizofungiwa Kenya mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016 zilinaswa kwa IMEI zake zisizo halali. Simu yenye IMEI safi kabisa inaweza kuwa na mgogoro wa hataza, na mgogoro huo ni wa mtengenezaji.

"Viwango ni vya wakubwa, sisi havituhusu"

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilipanda juu ya menyu ya laini, kitu kilichokuwamo tayari kwenye viwango vya GSM. Tanzania mtu anapiga *150*00# kupata M-Pesa, na hiyo ni USSD, njia ya kuzungumza na mtandao kwa misimbo ya nyota na reli, nayo ni ya GSM. Tumejenga uchumi mzima juu ya kurasa zilizoandikwa na wengine.

Mashirika saba ya viwango ndiyo wabia wa 3GPP: mawili ya Japani, na moja moja kutoka Ulaya, Marekani, China, Korea Kusini na India. La Afrika halipo. India nayo ilichelewa kuingia, lakini ilipokaa mezani ilisema jambo la vijijini kwake: minara iko mbalimbali, na 5G iliyopimwa kwa miji ya Ulaya haitafika. Ikadai ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ipime pia umbali mkubwa. Leo kwenye vigezo vya ITU vya kupima 5G kuna jaribio la vijijini ambalo minara imewekwa kilomita 6 kutoka mmoja hadi mwingine.